Mtu wa Mashati Anaondoka Ukumbi wa Tatu

Ijumaa hii, saa kumi jioni, mhudumu wa ukumbi wa tatu atakabidhi funguo zake baada ya kulitumikia jumba letu la sanaa kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Katika muda wote huo amechelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza ni mvua iliyokata barabara. Mara ya pili ni siku aliyomzika mkewe, na hata siku hiyo alimtuma shemeji yake aje atuombe radhi, kana kwamba kulikuwa na mtu mwenye akili zake aliyemtarajia.

Wasifu huu ameagizwa kuuandika mtu wa chumba cha mizigo, yaani mimi, kwa sababu wenye shule zao walisema hawana nafasi. Nafasi ya chai mara tatu kwa siku wanayo. Mkurugenzi ameniomba niandike kwa adabu na nisiseme watu. Karani wa mapokezi ndiye anayepiga chapa, nami nimesimama nyuma ya kiti chake nione kwamba hapunguzi neno.

Mstaafu wetu alianza kwa kubeba makasha. Jengo lilikuwa bado linanuka saruji, na picha zilikuja kwa lori zimefungwa kwa mablanketi. Njia ya kutoka kwenye lori hadi stoo wenzake waliimaliza kwa dakika mbili. Yeye alitumia kumi, huku akiliambia kasha lenyewe, taratibu, taratibu, kama anayemshusha mgonjwa kitandani. Wapagazi walimcheka wakamwita Taratibu, na jina likamganda. Leo hata kwenye orodha ya zamu limeandikwa hilo, na mhasibu mpya alimaliza mwaka mzima akidhani ndivyo alivyobatizwa. Katika miaka yake ya stoo hakuna kioo kilichovunjika. Waliomcheka walivunja vitatu.

Kutoka stoo alipelekwa mlangoni, kisha ukumbi wa kwanza, na miaka kumi na tisa iliyopita akapewa ukumbi wa tatu, ambako huwekwa vile vitu vinavyogombanisha watu. Wasiotufahamu niwaambie: jumba letu ni la sanaa ya siku hizi. Humu hamna picha ya simba akinywa maji. Kuna turubai nzima ya buluu tupu, kuna mabati yaliyokunjwa, kulikuwa na chumba chenye sauti ya mtu anayehesabu mpaka elfu moja na kuanza tena. Mimi nimemwambia Taratibu kila siku ya Mungu kwamba vingi vya humu nisingevitundika hata jikoni kwangu vizuie moshi. Hakuwahi kukasirika. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi kuliko vitu vyenyewe.

Kwenye chumba cha mizigo watu hukabidhi mabegi wakiingia na kuyachukua wakitoka, kwa hiyo mimi husikia yote. Wakiingia wanataniana. Wakitoka wanagombana. Nimeona mume na mke waliokuja na begi moja wakitaka kuondoka na mifuko miwili. Nimemsikia fundi mwashi akisema lipu ya ukuta ni nzuri kuliko kilichotundikwa juu yake, na alisema kweli. Nimemwona mwalimu wa hesabu akitoka kwenye ule ubuluu huku machozi yanamtoka, akaniambia ni mafua. Haya. Mafua yalimrudisha mara nne mwezi ule.

Mgeni akimuuliza Taratibu kitu hiki maana yake nini, hakuwa na hotuba. Angesema yeye hapo analinda tu. Kisha angemuuliza mgeni kama ameshakitazama kutoka upande wa huku, amsogeze hatua mbili, na amwache. Hatua mbili, basi. Wengine walisonya wakaenda zao. Wengine niliwasubiri na mabegi yao mpaka miguu ikaniuma.

Sasa niyaeleze mashati, maana bila mashati huyu mtu hajaelezwa.

Yalikuja miaka minane iliyopita. Aliyeyaleta ni msanii mmoja mwanamke, mpole, mwenye kucha fupi kama za muuguzi. Yalikuwa mashati ya marehemu baba yake, aliyekuwa karani maisha yake yote: mashati tisini na sita, yote meupe au yaliyowahi kuwa meupe, yamekunjwa na kupangwa moja juu ya jingine mpaka yakapita kichwa cha mtu mzima. Mnara wa mashati. Ukutani palikuwa na karatasi ndogo imeandikwa ni ya nani na ya miaka mingapi, na hakuna zaidi. Msanii aliweka sharti moja. Kila Jumatatu, siku ambayo jumba limefungwa, mhudumu wa ukumbi aubomoe mnara, alikunje kila shati upya kwa mkono, aanze na la chini kabisa na kuheshimu mpangilio.

Jumatatu ya kwanza Taratibu aliyakunja kama anayefunga mzigo wa kuni. Jumanne mnara ukainama. Jumatano ukaanguka mbele ya mwalimu mkuu mstaafu, naye akapiga makofi akidhani ndivyo ilivyokusudiwa. Msanii aliitwa, akainama akaanza kuyaokota moja moja mwenyewe, na hilo lilimuumiza Taratibu kuliko kutukanwa. Mkurugenzi akasema ataleta mtu mwingine kutoka ukumbi wa kwanza.

Siku hiyo wakati wa chakula alikuja chumba cha mizigo ameshika shati lake mwenyewe, akaomba nimfundishe. Mkewe alikuwa ametimiza mwaka mmoja kaburini. Akasimama mbele ya kaunta yangu, mtu mzima, akasema, "Bibi, miaka ishirini na sita nimevaa yaliyokunjwa. Sijui hata mikono inakwenda upande gani."

Nilimgombeza kwanza, kwa sababu alistahili. Kisha nikamwonyesha: kifua chini, mikono ilale mgongoni, kingo zikutane bila kupandana, kola usiikandamize. Ilichukua wiki tatu za saa za chakula. Alikuwa na vidole vizito, lakini hakuwa na kiburi, na mtu wa hivyo anafundishika. Wiki ya nne mnara ulisimama Jumanne mpaka Jumapili kama uliopimwa na fundi. Tangu hapo hakuna aliyetaja tena mtu wa ukumbi wa kwanza.

Kila Jumatatu alinialika nikamsaidie. Karibu miaka minne alinialika. Kila Jumatatu nilimjibu kwamba mashati ninayo nyumbani, tena yana wenyewe walio hai.

Mashati hayo yaligawa watu kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka. Wanawake ndio walikuwa wakali zaidi. Walikuja kwenye mizigo wakisema kazi ile wanaifanya kila Jumapili na hakuna aliyewahi kukata tiketi kuwatazama. Nilikubaliana nao. Mzee mmoja aliandika barua kwamba tunadhihaki maskini wasio na shati. Kijana mmoja alikaa mbele ya mnara kuanzia asubuhi mpaka tunafunga, akatoka akauliza posta iko wapi, anataka kumwandikia baba yake. Barua za malalamiko zikajaa, bodi ikachoka, na mkurugenzi, ambaye hakutaka lawama ya kuyatoa wala ya kuyabakisha, akaamua wageni wapige kura.

Kura yenyewe ilipitia mikononi mwangu. Kwa siku thelathini, kila mgeni akichukua begi lake, kile kibao cha namba nilichompa alikitia kwenye kapu moja kati ya mawili mlangoni. La buluu: yabaki. Jekundu: yaondoke. Wasio na begi nao walipewa kibao. Wafanyakazi tuliruhusiwa mara moja kila mmoja. Siku ya kwanza, asubuhi, mbele ya Taratibu, nilitia changu kwenye jekundu. Nilitaka akione kikiingia. Alikiona, akanisalimia, akaenda ukumbini kwake.

Siku ya kumi ndipo ramani ya mabadiliko ya jengo ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mashati yakiondoka, ukumbi wa tatu ungefungwa na kugeuzwa duka la zawadi, na duka lingekuja na watu wake. Taratibu alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Angerudi nyumbani mapema, na nyumbani hakukuwa na mtu. Binti yake anaishi mbali. Nilimfuata ukumbini nikamuuliza kwa nini hakuniambia kabla sijapiga kura. Akasema nilikuwa nimeulizwa kuhusu mashati, sikuulizwa kuhusu yeye. Kisha, baada ya kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akasema Jumatatu ndiyo ilikuwa siku mbaya nyumbani, maana ndiyo siku mkewe alikuwa akipiga pasi, na tangu mashati yaje ilikuwa imepata kazi.

Mtunza bustani alipendekeza tuwanong'oneze wageni kwamba kuna mtu atapoteza kazi. Wengi tuliona ni shauri jema. Taratibu alitukataza wote, na ndiyo mara pekee katika miaka ishirini na saba niliyomsikia akipandisha sauti. "Wakiyabakisha kwa kunihurumia mimi," alisema, "watakuwa hawajaona shati hata moja." Akarudi kusogeza watu hatua mbili.

Siku ya thelathini nilifunga mlango wa mizigo nikahesabu. Jekundu lilikuwa limezidi kwa vibao kumi na moja. Mimi shule nilisoma kidogo, lakini kujua kwamba vibao sita vikihama kapu mambo yanageuka hakuhitaji chuo. Nilivitoa sita kwenye jekundu nikavitia mfuko wa aproni. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Bibi, virudishe."

Nikamwambia ni mjinga. Nikamwambia ataketi nyumbani kwake anatazama ukuta, na huo ukuta hautakuwa sanaa. Nilimwambia na mengine ambayo karani hapa amekataa kuyapiga chapa. Alisubiri mpaka nikaishiwa, akanyoosha mkono, nikamwekea vile vibao kiganjani, akavirudisha kapuni kimoja kimoja. Cha mwisho alikitazama namba yake kwanza, kana kwamba alitaka kumjua mwenye kura. Mkurugenzi alipofika alikuta kumi na moja, akaandika kumi na moja.

Jumatatu iliyofuata msanii alikuja na masanduku. Safari hii nilikwenda ukumbini bila kualikwa, kwa sababu mtu anayefungasha mwisho wa kazi yake haachwi peke yake. Taratibu akaniwekea mkeka, akanipa la chini kabisa nianze nalo. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuligusa shati lolote la ule mnara. Nilikuwa nimeusema vibaya miaka minne sijaugusa.

Mimi nimeshona maisha yangu yote. La kwanza na la pili yalikuwa mashati tu. Kufika la tisa nikaona kola imegeuzwa. Wanaojua watanielewa: kola ikilika shingoni, unaifumua, unaigeuza upande mzima uje juu, unaishona tena, na mume anapata shati jipya bila kwenda dukani. Ilikuwa imeshonwa kwa mkono, mishono midogo kama chembe za mchanga, imenyooka. Mke wa yule marehemu karani alikuwa fundi. Nikachukua la kumi, la kumi na moja. Yote yamegeuzwa kola, mkono uleule. Nilipofika la hamsini mishono ilikuwa imeanza kuwa mirefu. Kwenye sabini ilikuwa inapinda. Macho ya yule mama yalikuwa yanakwisha, uzi unatafuta njia. Kwenye themanini na tano mkono ulitetemeka waziwazi. Na yale manane ya juu kabisa, kola zilikuwa zimegeuzwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa kama ya kufunga gunia, na moja imeshonwa kinyume. Huo haukuwa mkono wa mwanamke yule. Huo ulikuwa mkono wa mwanamume ambaye hajawahi kushika sindano, amebaki peke yake, na Jumatatu anatakiwa ofisini.

Nikaketi palepale na shati mapajani. Taratibu alikuwa anayajua yote haya tangu mwezi wa kwanza. Alikuwa akiyapitia kila wiki, kutoka chini hadi juu, kutoka harusi hadi upweke. Nilimuuliza kwa nini hakusema, watu wangeyabakisha. Akaniambia kola zilikuwa zimekunjiwa ndani na msanii mwenyewe tangu mwanzo, na siri ya mtu haitolewi na mlinzi wake. Ila alikuwa amejaribu kunionyesha mimi kila Jumatatu, akasema, kwa kuwa mimi ndiye ningeisoma kuliko yeye.

Nimeandika hilo kwa sababu wasifu lazima useme kweli. Aliniheshimu kuliko nilivyomheshimu.

Nilimfuata mkurugenzi ofisini, nikamshika mkono kama mtoto aliyechelewa kuoga, nikamleta akapige magoti kwenye mkeka. Alikaa pale nusu saa na sketi yake nzuri. Alipoinuka akasema kura ni kura, mnara lazima uondoke, na hakuna aliyembishia, hata Taratibu. Lakini, akasema, watu walikuwa wamepigia kura mnara. Meza hakuna aliyeipigia. Akamuuliza msanii kama angekubali mashati yakunjwe mbele ya watu, kwenye meza ndefu ya ukumbi wa kuingilia, na kola zionekane. Msanii alisita sana. Taratibu akamuuliza jambo moja tu, kama mama yake angeona vibaya. Msanii akacheka huku anafuta pua. Akasema mama yake alikuwa mpenda sifa kuliko watu wote aliowajua, na amekaa gizani miaka minne.

Hivyo ndivyo Taratibu alivyomaliza miaka yake minne ya mwisho, kila Jumanne asubuhi, kwenye meza iliyo hatua saba kutoka kaunta yangu. Ukumbi wa tatu ukagawanywa, nusu duka, nusu ukumbi, na siku nyingine aliendelea kulinda hiyo nusu. Msidhani ugomvi uliisha. Nusu ya wageni bado wanasema ni upuuzi, na wana haki yao. Ila sasa hawaondoki. Wanabaki mezani wanabishana kama mikono itangulie au kingo zitangulie. Askari mmoja alionyesha namna ya kambini. Dobi wa hoteli alikunja moja kwa miondoko minne, na watu wote wakamwomba arudie. Wanawake waliokuwa wakali wanazitazama kola, wanaitana, wanashika mishono kwa ncha ya kidole na kusema huyu hapa alikuwa na homa, huyu hapa alikuwa na haraka. Taratibu anawaachia nafasi wakae yeye asimame.

Mrithi wake ni msichana wa ukumbi wa kwanza. Bado anakandamiza kola. Tunamfundisha.

Mstaafu wetu anahamia kwa binti yake. Binti alimwita mara tatu, na mara zote baba akasema hataki kuwa mzigo. Mwezi uliopita nilikopa simu ya karani wa mapokezi nikaongea na huyo binti mwenyewe, tukayamaliza. Nyumba ina wajukuu wanne, wote wa shule, wote wa sare nyeupe, na sabuni haitoshi.

Wiki iliyopita msanii alikuja kumuaga. Alimwomba zawadi badala ya kumpa: shati moja la Taratibu mwenyewe, ambalo marehemu mkewe aliligeuza kola, liwekwe mezani liwe la tisini na saba, na jina la mke huyo liandikwe ukutani. Ni heshima kubwa, na sisi wote tulimwambia akubali. Alifikiri siku tano. Juzi alimpelekea jibu, kwamba anamshukuru sana, lakini lile bado analivaa.

Ijumaa atakuwa amelivaa. Mje mumpe mkono, na kola muitazame kwa macho tu.

Asante, baba, kwa miaka yako yote. Mungu akupe afya na magoti yasiyouma, na nyumba yenye watu wa kukusumbua kuanzia alfajiri.